Kwenu Ni Wapi?

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1-11



Kuna swali sisi Wakenya huulizana hata kabla hatujamaliza kusalimiana: "Na kwenu ni wapi?" Leo tujiulize swali hilo mbele za Mungu.

Katika somo letu, Mwisraeli aliyeleta kikapu cha malimbuko hakutakiwa kukiweka tu na kwenda zake. Alitakiwa atamke historia ya kwao: kwamba baba yake alikuwa Mwarami asiye na makao, akashuka Misri na watu wachache, akakaa huko kama mgeni. Mungu alijua mtu akishapata shamba na kushiba, anasahau alikotoka.

Na sisi je? Wanahistoria wanatuambia kwamba mababu wa Wabantu walianza safari maelfu ya miaka iliyopita, maeneo ya mpaka wa Cameroon na Nigeria, wakasambaa na ukulima wao hadi huku. Waluo, Wakalenjin na Wamaasai, asili yao ni kaskazini, pande za bonde la Nile. Waborana walishuka kutoka Ethiopia. Na wote walipofika, walikuta wengine wametangulia. Hakuna kati yetu aliyeota hapa kama mti, mpendwa. Sote tulikuja.

Mbona watu wanahama? Njaa, vita, malisho, kazi, ndoa. Yote yamo kwenye Biblia. Abrahamu alishuka Misri kwa sababu ya njaa. Ruthu Mmoabu alimfuata mama mkwe wake Bethlehemu, na kwa uzao wake akaja Mfalme Daudi. Yusufu na Mariamu walitoroka usiku na mtoto kwa sababu ya upanga wa Herode. Mwokozi wetu amewahi kuwa mkimbizi!

Sasa niungame. Januari 2008 nilikuwa nimepanga chumba kwenye ploti moja huko Bonde la Ufa. Nilikuwa nimeokoka, tena kiongozi wa kwaya. Jirani yangu alikuwa mama mshonaji, ameishi pale miaka kumi na moja. Vijana wakaja wakamwambia arudi kwao. Jioni alibisha mlango wangu, akaniomba kitu kimoja tu: nimwekee cherehani yake mpaka mambo yatulie. Niliogopa. Nilimjibu nikiwa ndani, mlango umefungwa, kwamba sina nafasi.

Nafasi ilikuwepo.

Asubuhi aliondoka kwa lori na watoto wake. Sijamwona tena. Nimehubiri miaka mingi, lakini ule mlango bado nausikia ukibishwa.

Mambo ya Walawi 19:34 inaagiza mgeni atendewe kama mzaliwa, apendwe kama nafsi yako, kwa sababu Israeli nao walikuwa wageni Misri. Mungu hakusema tumpende mgeni akiwa wa kabila letu, au wakati ni salama.

Jumapili ijayo tunaleta malimbuko. Kabla hujaweka bahasha yako, mwambie Mungu wazee wako walitoka wapi, na nani aliwapokea. Halafu mtafute mtu mmoja aliyehamia mtaani kwenu juzi, awe ametoka ushago au nchi nyingine. Usimuulize kwao ni wapi. Mkaribishe chai.

Na akibisha mlango, fungua. Amina.