Mwanahistoria na Mzigo wa Lawama

Yatupasa kuuliza swali ambalo aghalabu hukwepwa darasani: mtu aliyeishi katika nyakati za misukosuko, akanusurika, kisha akapata elimu ya kuziandika, ana wajibu gani? Je, awalilie waliokufa, amlaani mtawala, halafu aweke kalamu chini?

Mwanahistoria wetu A. B. K. Kasozi hakuridhika na njia hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya chimbuko la ukatili nchini Uganda, alianza hesabu yake mwaka 1964, kabla Idi Amin hajatwaa serikali Januari 1971, akaifikisha 1985, miaka sita baada ya Amin kukimbia. Miaka hiyo peke yake yatufundisha jambo. Kasozi ataja ukosefu wa usawa, ukosefu wa njia halali za kusuluhisha magomvi, na hata ukosefu wa lugha moja ya kuwaunganisha wananchi.

Kwetu sisi wa Jinja na Mbale somo hili ni chungu. Agosti 1972 Waasia walipopewa siku 90 waondoke, amri ilikuwa ya mtu mmoja. Lakini maduka yaliyoachwa hayakuingiwa na mtu mmoja. Wapo walioshangilia, wapo waliopokea funguo, na wapo walionunua bidhaa kwa bei nafuu bila kuuliza zimetoka wapi. Hatusemi kwamba kosa lao lalingana na la mwuaji, la hasha! Twasema tu kwamba kumtwika Amin kila kitu ni kuwatakasa wengine wote pasipo toba.

Nasi walimu wa Kiswahili hatumo nje ya hesabu hii. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliyomfukuza yaliingia Jinja yakisema lugha hiyo hiyo. Katiba ilikitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wangali wapo wazazi wanaokiita lugha ya wanajeshi na wezi. Tukiwaambia kwamba wamekosea, twafuta walichokisikia kwa masikio yao. Afadhali tukubali kwamba walikisikia hivyo, kisha tuwaulize kwa upole: amri zile zingetolewa kwa Lusoga au kwa Lugisu, zingekuwa za haki?