Kitabu cha Ukumbusho cha Nyumba Yetu

Masomo: Yoshua 4, Mathayo 1:1–17



Waisraeli walipovuka mto Yordani, Yoshua aliagizwa achague watu 12, mmoja kwa kila kabila. Kila mmoja alitwaa jiwe katikati ya mto, akalichukua begani, na mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Kwa nini? Kwa sababu siku moja watoto watauliza maana yake, na wazazi sharti wawe na jibu.

Sisi wa Iringa twajua thamani ya ukumbusho. Kule Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, akafa mwaka 1898. Kurudishwa kwa fuvu hilo kulitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilifika nyumbani mwaka 1954 tu. Miaka 56! Wanafunzi wangu niliwafundisha tarehe hizo mpaka wakazijua kwa moyo. Lakini mjukuu wangu aliponiuliza mama yake bibi yangu aliitwa nani, mwalimu mzima nilikaa kimya. Je, ninyi mngejibu?

Basi nawaomba kila nyumba ianze kitabu cha ukumbusho: daftari la kubandika picha na kuandika habari za jamaa. Lakini kabla sijaeleza namna ya kuanza, niruhusuni niungame jambo.

Nilikuwa na picha moja ya marehemu baba, amekaa kitini, nami na mdogo wangu tumesimama nyuma yake. Baba alipofariki tuligombana kwa ajili ya shamba. Siku moja, kwa hasira, nilishika mkasi nikamkata mdogo wangu katika picha ile, nikamtupa motoni. Miaka ikapita, tukisalimiana kanisani kwa midomo tu. Kisha akafariki. Siku ya msiba wanawe walinijia, wakasema, "Baba mkubwa, tunaomba ile picha ya baba akiwa na babu." Nikawadanganya kwamba imepotea.

Uongo ule ulinitesa. Kwaresima iliyofuata niliichukua picha, nikaenda kwa shemeji yangu, nikamweleza yote. Aliitazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Shemeji, mkono wake umebaki." Nami sikuwa nimeuona! Mkono wa mdogo wangu ulikuwa ungali begani kwa baba. Mkasi wangu haukuufikia. Tulilia wote wawili. Picha hiyo, pamoja na pengo lake, ndiyo ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu. Chini yake tumeandika jina lake kamili na siku aliyobatizwa.

Sasa fungueni Mathayo sura ya kwanza. Wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Isomeni polepole. Yumo Tamari. Yumo Rahabu wa Yeriko. Yumo Ruthu, mwanamke mgeni kutoka Moabu. Yumo mke wa Uria, na dhambi ya Daudi inajulikana. Yumo hata mfalme Manase, aliyejenga madhabahu za miungu mingine. Hao Mathayo hakuwakata kwa mkasi. Katika ukoo huo, jinsi ulivyokuwa, ndimo alimozaliwa Mwokozi wetu. Sisi ni nani basi, hata tumfute mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au mkamwana aliyeondoka, au ndugu aliyehamia dhehebu jingine? Sisemi tuandike aibu za watu. Nasema jina lake liwepo.

Kuanza si kazi ngumu, wala hakuhitaji fedha nyingi. Tafuteni daftari kubwa lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andikeni majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, na mahali walipozaliwa. Msipojua, acheni nafasi, msibuni. Kisha nendeni kwa mzee aliye hai, mkamwulize mambo machache kwa siku moja: Nani alikubatiza? Mlihamia hapa kutoka wapi? Mwaka wa njaa mlikula nini? Mtoto anayejua kusoma aandike, na mzee asomewe alichosema ili asahihishe.

Nyuma ya kila picha andikeni majina kwa penseli, taratibu, kabla ya kuibandika, kwa maana wino hupenya. Vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa msivibandike. Bandikeni nakala, na vyeti vyenyewe vifungwe mahali pakavu. Picha zilizo katika simu nazo zisafishwe chache studio, kwa maana simu ikiibwa huondoka na watu wote waliomo. Uji mzito wa unga wa ngano hufaa kwa gundi, lakini paka kidogo, ukauke vizuri, la sivyo mende watakula kitabu chako. Kisiwekwe jikoni penye moshi.

Kisha kitumieni. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, kifunguliwe baada ya chakula cha jioni, na majina yasomwe kwa sauti katika sala. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto atajuaje imani ya bibi yake, ikiwa hata jina lake halijui?

Na kama nyumbani kwako kuna picha iliyokatwa, au jina lisilotajwa, usingoje msiba. Ndugu yako akiwa hai, nenda kwake wiki hii. Mimi nilichelewa.

Mungu, ambaye hakuna jina analolisahau, azibariki nyumba zetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Iringa