Faili Iliyobaki Kortini

Anayetaka kujua jinsi mpaka wa Busia ulivyopita katikati ya nyumba za watu na autazame ukoo wa Awori. Ni Wasamia, watoto wa Kasisi Jeremiah Awori wa Kanisa la Kianglikana. Moody, aliyezaliwa 1927, aliingia bungeni kwa kura za Funyula, upande wa Kenya, na mwaka 2003 akawa Makamu wa Rais. Mdogo wake Aggrey alifanya siasa zake Uganda. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971, Aggrey alikuwa mkurugenzi wa televisheni ya taifa. Alikamatwa, na alipoachiliwa akakimbilia Kenya. Museveni naye alipotwaa madaraka 1986, Aggrey akahusishwa na uongozi wa FOBA, kundi la waasi lililomtaka Rais wa zamani Obote arudi na ambalo lilisumbua maeneo ya Tororo na Busia.

Baadaye Aggrey alirudi nyumbani, akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, na mwaka 2001 akagombea urais dhidi ya Museveni huyo huyo. Mwaka 2009 Museveni akamteua waziri. Alifariki 2021 akiwa mzee anayeheshimika pande zote mbili za mpaka.

Ninafurahi kwamba ilikuwa hivyo. Jirani aliyeshika bunduki akiiweka chini na kupewa nafasi ya kuitumikia nchi, watu wa kijijini wanalala usingizi. Uganda ilikwenda mbali zaidi ilipopitisha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na maelfu ya wapiganaji wakatoka msituni bila kushtakiwa. Lakini kila nikifika Busia huwa namfikiria mtu mwingine, ambaye hakuwahi kushika bunduki, wala hakuwa na ndugu serikalini wa kumpigia simu.

Mapema mwaka 1995 Rais Moi alitangaza kwamba kuna jeshi la waasi linaloitwa FERA, tawi la Vuguvugu la Februari Kumi na Nane, likiongozwa na mtu aliyejulikana kama Brigedia John Odongo na likijificha Uganda. Tarehe hiyo ni ile aliyonyongwa Dedan Kimathi mwaka 1957. Uhusiano wa Nairobi na Kampala ulikuwa mbaya tayari. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walikuwa wamefyatuliana risasi hapo hapo Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa. Odongo mwenyewe hakufikishwa kortini Kenya. Uganda, iliyokuwa imempokea, ilimhamishia Ghana. Waliobebeshwa mzigo ni vijana wa Bungoma na Busia, wengi wao Wabukusu, waliokamatwa vijijini. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika wakati ule kwamba wapo walioteswa hadi wakakiri, kisha wakahukumiwa bila wakili, kwa kosa la kula kiapo haramu.

Mzee mmoja wa upande wa Teso Kusini alinikaribisha barazani kwake, akamwita mjukuu amletee karatasi zake. Ziliwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya gunia la unga lililokunjwa mara mbili. Hati ya mashtaka imechakaa kwenye mikunjo hadi maneno mengine hayasomeki. Enzi zile alikuwa mwendesha boda boda ya baiskeli, akivusha abiria na magunia ya sukari hadi Sofia, mtaa wa soko upande wa Uganda, ambako dada yake aliolewa. Anasema polisi walitaka kujua kwa nini anavuka kila siku, na alipotaja dada walicheka. Alikiri siku ya nne. Kutoka gerezani alikuta ng'ombe wameuzwa na baba amezikwa. Miaka mingi baadaye aliomba kazi ya naibu wa chifu, akaambiwa jina lake lina kesi.

Nilimuuliza kama angeridhika serikali ikimsamehe. Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, nisamehewe nini?"

Jibu lake limenikaa kichwani. Sisi tunaoandika magazetini tunalitumia neno msamaha kana kwamba linawatosha wote. Aggrey Awori alihusishwa na uongozi wa waasi, kwa hiyo msamaha ulimfaa. Aliyekamatwa kwa sababu ya kabila lake na dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka hana alichokosa. Ukimsamehe umemwambia kwamba kweli alikosa. Na kuwa na dada ng'ambo si jambo la kueleza polisi. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda, kabla Waingereza hawajaihamishia upande wa pili kwa waraka. Wasamia na Wateso hawakuulizwa. Tangu hapo Nairobi huwaita Waganda siku ikiwa na hasira, na Kampala huwaita Wakenya.

Upande wa Tororo nako si kwepesi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wakiwa mikononi mwa watu wa Amin. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Oboth Ofumbi alikuwa Mjopadhola wa Tororo. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda, na inastahili, ila ina jina la mmoja. Wajopadhola wanamkumbuka wao nyumbani kwao. Kisha kuna Mukura, kwenye reli itokayo Tororo kuelekea Soroti, ambako Julai 1989 wanajeshi wa serikali walifungia wanaume wa Kiteso ndani ya behewa wakiwashuku kuwa waasi. Watu 69 walikosa hewa wakafa. Pale pana mnara na shule ya kumbukumbu, na naona Mukura imetendewa vizuri kuliko wale wa FERA, kwa sababu pale dola ilikubali hadharani kwamba waliokufa hawakustahili.

Sisemi Kenya haijafanya lolote. Moody Awori, alipokabidhiwa magereza mwaka 2003, alifungua milango ili waandishi waone yaliyomo, wafungwa wakapata magodoro na sare za heshima. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa, lakini miaka imepita na wengi wao hawajaona hata senti. Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa fidia baadhi ya walioteswa Nyayo House, waliopata mawakili na kuthubutu kushtaki. Kutoka Teso Kusini hadi korti hiyo ni safari ya usiku kucha kwa basi, na wakili hafanyi kazi bure.

Katiba ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyehukumiwa kuiomba Mahakama Kuu imsikilize upya pakitokea ushahidi mpya wenye uzito. Mzee wangu hajui ibara hiyo, na hana wa kumwandikia ombi. Mwanasheria Mkuu anaijua, ana mawakili wa serikali, na majalada ya kesi za 1995 yako mikononi mwa serikali yenyewe. Ayatoe, awapeleke mawakili wake Busia na Bungoma, waombe hukumu zilizotokana na mateso zifutwe, moja baada ya nyingine, kwa majina. Waanze na walio hai, maana wengi wao sasa wamepita miaka sitini.