Wauzaji wakiwa wamoja, ridhaa ya mnunuzi iko wapi?

Tumezoea kudhani kuwa dhulma ya sokoni ina sura moja tu: mfanyabiashara anayeficha sukari stoo akiingoja Ramadhani. Huyo tunamjua, tunamsema mimbarini, na fiqhi imempa jina lake: muhtakiri. Lakini iko hali nyingine ambayo hakuna aliyeficha kitu, hakuna aliyepunja mizani, hakuna aliyesema uongo, na bado mnunuzi anatoka dukani akiwa amebanwa. Ni pale wauzaji waliokuwa wengi wanapouziana viwanda, wakaungana, wakabaki wawili watatu. Je, hapo kuna mwenye dhambi? Na kama hayupo, dhulma inatoka wapi?

Nauliza nikiwa Sumbawanga, na nina sababu ya kuuliza. Hapa uwanda wa juu wa Ufipa, mavuno yakishaingia ndipo watu wanapojenga. Tofali tunafyatua na kuchoma wenyewe. Mawe na mchanga tunavyo. Saruji hatuna. Inakuja kwa lori, ikipita Tunduma na Laela, maana reli haifiki huku. Kiwanda kilicho karibu nasi kuliko vyote ni kile cha Songwe, Mbeya, kinachotoa saruji ya Tembo. Vingine vikubwa viko pwani ya mbali: Twiga wa Wazo Hill, Nyati wa Kimbiji, Simba wa Tanga, Dangote wa Mtwara. Kamati ya msikiti ikikaa kupanga madrasa, hesabu huanzia kwenye mahindi: magunia mangapi yatatoa mifuko mingapi. Mkulima wa Ufipa anauza mahindi kwa bei anayoambiwa, kisha ananunua saruji kwa bei anayoambiwa. Pande zote mbili yeye ni msikilizaji.

Sasa tuangalie yaliyotokea. Oktoba 2021 ilitangazwa kuwa Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ya Ujerumani inayomiliki Twiga, itanunua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, yaani Simba. Mwaka 2022 Tume ya Ushindani, FCC, ikaridhia kwa masharti. Kampuni ya Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba mwaka huo Baraza la Ushindani, FCT, likabatilisha ridhaa ile. Hoja kubwa ilikuwa kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 wakati huo ilikuwa imeweka mpaka wa asilimia 35 ya soko, na wawili hao wakiungana wangeuvuka. Mwaka 2023 FCC ikaridhia upya. Mwishowe, kufikia 2024, hisa nyingi za Tanga Cement zikaishia mikononi mwa Amsons, kampuni ya Kitanzania yenye saruji ya Camel, ambayo ilikuwa imekwishanunua pia hisa nyingi za kiwanda cha Mbeya kutoka Holcim.

Kwa hiyo Twiga na Simba hawakubaki pamoja, lakini Simba, Tembo na Ngamia sasa wanalala zizi moja. Wako wanaofurahi kwamba viwanda vimerudi kwa wazawa, nami nafurahi pamoja nao. Wala simtuhumu yeyote kwa bei yoyote, na Twiga, Nyati na Dangote bado wako sokoni. Ninachosema ni kwamba mnunuzi haulizi uraia wa mwenye kiwanda. Anauliza kama kuna mlango wa pili wa kubisha hodi. Dangote alipoanza uzalishaji Mtwara mwaka 2015 ushindani ulikuwa mkali na bei ikateremka, na walioteremsha hawakuteremsha kwa huruma. Waliteremsha kwa sababu mnunuzi alikuwa na pa kwenda.

Anayetaka kuona safari hii huishia wapi, aangalie bidhaa nyingine iliyomo humu humu mjini: diski ngumu, zile zinazohifadhi kumbukumbu ndani ya kompyuta. Kila duka la stesheni la Sumbawanga linazo, na ndani yake zimo picha za harusi, barua za watu na darsa za masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Duniani zimewahi kuwapo kampuni zaidi ya mia mbili zilizotengeneza diski hizi. IBM ikawauzia Hitachi. Maxtor ikamezwa na Seagate mwaka 2006. Fujitsu ikawaachia Toshiba mwaka 2009. Seagate ikachukua biashara ya diski ya Samsung mwishoni mwa 2011, na Machi 2012 Western Digital ikaichukua ile ya Hitachi. Wakabaki watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba.

Katikati ya hayo, mwaka 2011, mafuriko yakavamia viwanda vya Thailand na bei ya diski ikapanda dunia nzima. Mafuriko ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hakuna wa kulaumiwa kwayo. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo Seagate na Western Digital, karibu kwa wakati mmoja, zikapunguza muda wa dhamana kwa baadhi ya diski zao. Dhamana haikusombwa na maji. Hapa tujifunze jambo: wauzaji wakiwa wachache, hasara ya mnunuzi haiji kwenye bei peke yake. Inakuja pia kwenye ubora, kwenye dhamana, na kwenye namna anavyojibiwa anapolalamika. Na wa kulalamika kutoka Sumbawanga angemlalamikia nani?

Watetezi wa muungano wana hoja, na insafu inatutaka tuisikilize. Wanasema kiwanda kikubwa huzalisha kwa gharama ndogo, na kiwanda kinachokufa ni bora kinunuliwe kuliko kifungwe, watu wakakosa kazi na saruji pia. Hata diski, kwa miaka mingi, zilizidi kuwa kubwa huku bei kwa kipimo ikipungua. Ni kweli. Sheria yetu yenyewe inaruhusu muungano uliovuka mpaka kama manufaa yake kwa umma ni makubwa kuliko madhara. Lakini gharama ikipungua kiwandani, ni nini kinachomlazimisha mwenye kiwanda kuipunguza na dukani? Ni jirani yake tu anayeuza bidhaa ile ile. Ukimwondoa jirani, umebakiwa na ucha Mungu wa mtu mmoja. Huo tunauombea, lakini hatujengi soko juu yake.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya kuwapo tume yoyote. Tunajua kuwa bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa apange bei naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu. Wengi huishia hapo, wakasema Uislamu umeliacha soko lijiendee. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake cha Hisba, hakuishia hapo. Alieleza kuwa kukataa kule kulihusu soko la watu wengi wanaouza kwa haki. Ama pale ambapo bidhaa haiuzwi ila na watu maalumu, akaona ni wajibu kuwalazimisha wauze kwa thamani ya haki. Na akamtaja Abu Hanifa na wenzake, ambao waliwakataza wagawaji wa mirathi wanaofanya kazi kwa ujira kufanya ushirika, kwa kuhofia kuwa wakiwa kitu kimoja, na watu wanawahitaji, watapandisha ujira.

Tulitafakari hilo. Wagawaji wale hawakuwa wameiba. Ushirika kwa asili yake ni halali. Walizuiwa kabla ya kudhulumu, kwa sababu ushirika wao ulikuwa unamwondolea mhitaji mlango wa pili. Sura An-Nisaa, aya ya 29, imejenga biashara juu ya kuridhiana. Na mimi naona kuridhia kuna maana pale tu ambapo mtu angeweza kukataa. Mwenye ukuta uliofika kwenye linta, na mvua za Novemba zinakaribia, akiwa na muuzaji mmoja, hajaridhia bei. Ameisalimu amri. Dhulma basi haikuanzia kaunta, wala kwa kijana anayeuza duka, ambaye naye kauziwa. Ilianza siku milango ilipofungwa na sisi tukaiona kuwa ni habari ya kurasa za biashara.

Ndiyo maana kukimbizana na bei baada ya kupanda hakutoshi. Mwishoni mwa 2020 saruji ilipoadimika na kupanda bei nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza uchunguzi. Ni jambo jema, lakini ni sawa na kuchota maji ndani ya jahazi bila kuziba tundu. Tundu huzibwa siku muungano unapoombwa. Siku hiyo soko lisipimwe kwa nchi nzima tu. Muungano ambao Dar es Salaam hautahisiwa, kwa kuwa kule kuna viwanda vinne vitano vya kuchagua, mikoa ya pembezoni unaweza kuifungia kila kitu. FCC iwasikilize na walaji wa Rukwa na Katavi, na sisi tuwe na la kuiambia: kamati za misikiti, makanisa na shule ziandike bei wanazonunulia, mwezi kwa mwezi, na pale inapowezekana zikodi lori moja kwa pamoja, nauli ya kutoka mbali isiwe ukuta.

Nasi mijini tuache kuuliza tu kama mfanyabiashara fulani ni mwema. Tuulize pia, kama si mwema, mnunuzi ataelekea wapi.

Wabillahi tawfiq.