Chura Mezani pa Mwanafunzi

Mzazi akiambiwa na mwanawe kwamba kesho skuli watapasua chura, hujiuliza mambo mawili. Je, elimu hii inafaa? Na mnyama huyu anatolewa roho kwa haki gani?

Ama elimu yenyewe haina ubaya. Qur'ani inatutaka tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, na hapana kutazama kwa kufumba macho. Wanavyuoni wetu walitangulia katika jambo hili. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Basi asije mtu akamwambia mwanawe kuwa bayolojia ni elimu ya makafiri.

Lakini wema wa kitu kinachotafutwa hauhalalishi kila njia ya kukipata. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza chura asiuawe. Na dawa ni haja kubwa kuliko zoezi la darasani. Ikiwa tabibu alikatazwa, mwanafunzi anayeua ili achore picha ana hoja gani?

Watasema wengine: bila ya kuona kwa macho hapana kujua. Ni kweli, lakini kuona si lazima kuua. Nenda buchani ukanunue moyo wa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa kwa kitoweo. Ukiupasua utakuta vyumba vinne, kama moyo wa binadamu. Wa chura una vitatu tu. Chukua na mapafu yake, uyapulize kwa mrija, yatajaa mbele ya macho yako. Tumbo la ng'ombe nalo lina sehemu nne, na mama anayeosha matumbo jikoni anazijua kwa mikono yake. Somo limepatikana, wala hapana roho iliyopotea bure.

Hatusemi kwamba anayesomea utabibu wa watu au wa mifugo ni sawa na mtoto wa skuli. Huyo ana haja, na haja hupimwa kwa kadiri yake: asizidishe idadi, asitese, asifanye mzaha.

Basi enyi wazazi, msiwazuie watoto masomo yao. Mwendeeni mwalimu kwa adabu, mkamwombe moyo wa mbuzi ushike mahali pa chura. Kijana anayesoma habari za uhai huku akiudharau uhai, amepata maksi na amekosa elimu.

Wallahu aalam.