Na Kwetu Mmeandika Ngapi?



Mtu aliyeshika chaki zaidi ya miaka thelathini haachi kuhesabu. Sisi tulipostaafu tuliliacha darasa, lakini daftari hatukuliacha. Leo twapenda kuwasimulia habari za daftari moja, na swali ambalo daftari hilo lilituletea mlangoni. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kulalamikia mtandao wa polepole, hali jirani yako hana mtandao kabisa?

Wengi wenu mnakumbuka siku mafundi walipopanda mnara wa simu ulio juu ya soko letu, hapa chini ya milima ya Usambara. Walifunga antena mpya, wakaondoa za zamani, wakashuka na kwenda zao. Tukatangaziwa kwamba sasa tumeingia kizazi cha nne, na kwamba kasi itafika "hadi" kiasi fulani kikubwa. Sisi wastaafu watatu tunaokaa barazani jioni tukaambiana: neno "hadi" twalijua tangu enzi za kusahihisha mitihani. Mwanafunzi anaweza kupata hadi mia moja, na bado akapata kumi na mbili. Basi tukaazimia kupima wenyewe.

Mjukuu wetu alituwekea simuni programu ya kupima kasi. Kazi yake si ya ajabu. Huvuta furushi la habari kutoka mbali, ikahesabu limefika kwa muda gani, kisha ikatoa jibu kwa megabiti kwa sekunde. Hapo wengi hukosea, kwa maana megabiti si megabaiti: biti nane ndizo hufanya baiti moja. Simu ikisema megabiti 16, maana yake ni megabaiti mbili kila sekunde, na picha za megabaiti 10 zitafika kwa sekunde tano. Ikisema megabiti moja tu, picha hizo hizo zitachukua sekunde 80. Tukachora mistari katika daftari: tarehe, saa, mahali, kasi. Tulipima alfajiri, adhuhuri na saa mbili usiku. Hata kupima kwenyewe kulikula bando, nasi tulilipa kwa pensheni yetu.

Daftari lilisema kweli. Alfajiri mtandao ulikimbia, usiku ulitambaa. Vile vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao vilijaa saa zote, lakini vijiti havipimi kasi. Huonyesha tu kwamba simu inausikia mnara vizuri. Mnara ni kama mwalimu mmoja: ukimpa watoto ishirini atamsikiliza kila mmoja, ukimpa mia mbili kila mmoja atapata dakika chache. Tena mnara wenyewe hutegemea njia iliyo nyuma yake. Mei 2024, nyaya mbili zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadorora nchini na kwa majirani zetu, ingawa minara ilikuwa imesimama wima kama kawaida.

Hatukatai, tuliona fahari. Tukaanza kusomeana tarakimu barazani, na kwa kila tarakimu ndogo tukalalamika kidogo zaidi. Tulijiona kama watu walioshika mizani ya haki mkononi, na muuzaji aliyepunja pishi tumemkamata.

Ndipo siku moja, yapata saa tano, akaja mama mmoja kutoka kitongoji cha ng'ambo ya mlima. Alitusalimu, "Shikamooni, walimu," tukamwitikia na kumkaribisha maji. Alikuwa amevaa kanga ya msiba. Kaka yake alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Jamaa walimpigia simu Jumatatu tangu asubuhi, kisha wakamwandikia ujumbe. Huko kwao simu hushika penye mwembe mmoja tu, juu ya ukingo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku ile mvua ilinyesha, hakupanda. Alipopanda Jumanne jioni, ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine kwa mfuatano: njoo, anakuuliza, njoo upesi, amefariki, tunazika leo saa tisa. Aliusoma ule wa mwisho saa kumi na mbili.

Tulimpa pole. Baada ya kimya kirefu, akalitazama daftari lililokuwa wazi mezani, akauliza ni la nini. Tukamweleza. Akafuata mistari kwa kidole, ukurasa hata ukurasa, kisha akauliza, bila hasira yoyote: "Na kwetu mmeandika ngapi?"

Hatukuwa tumeandika kitu. Hata sifuri hatukuwa tumeandika. Kitongoji chake hakikuwamo daftarini, kwa sababu haikutupitia akilini kwamba mahali pasipo na kasi ya kupima panahitaji mstari.

Tangu siku ile tumelitafakari jambo hili sana. Hebu tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu ana wanafunzi arobaini. Kumi hawakufika siku ya mtihani kwa sababu mto ulifurika. Mwalimu akajumlisha alama za thelathini, akagawa kwa thelathini, akaandika wastani mzuri wa darasa. Hesabu yake haina kosa hata moja, lakini taarifa yake ni ya uongo, maana darasa ni arobaini. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kasi ya mtandao. Programu ya kupima huweza kutumiwa na yule tu ambaye mtandao umekwisha kumfikia. Wastani wowote unaopatikana kwa njia hiyo ni wastani wa waliofikiwa. Asiyefikiwa haushushi wala haupandishi. Hayumo tu.

Tena tuligundua jambo jingine. Kupandisha mnara daraja si lazima kuwasaidie wote waliokuwa wakiusikia. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na hupenya vizuri zaidi. Ya masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa, lakini hufika karibu, na mlima huyakinga yote. Kwa hiyo, penye milima kama yetu, neema mpya huweza kuwashukia waliokwisha kuwa nayo, na mwembe wa ukingoni ukabaki kuwa mwembe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mmoja wetu alisema: basi tufunge daftari, tuone haya, tusilalamike tena. Maneno hayo yana sura ya unyenyekevu, lakini sisi hatukuyakubali. Mtu aliyelipia kilo moja ya sukari anastahili kilo moja, hata kama jirani yake hana sukari. Tukinyamaza, yule mama hatapata hata kijiti kimoja kwa kunyamaza kwetu. Atakayefaidi ni aliyepunja. Tena tumeona mara nyingi jinsi umaskini wa mmoja unavyotumiwa kumfunga mdomo mwingine. Shida ya jirani haifuti deni tunalodai.

Lakini inaongeza deni tunalodaiwa. Hapo ndipo penye uzito. Anayeweza kupima, kuandika na kusikilizwa anadaiwa na yule asiyeweza. Kosa letu halikuwa kupima, ila tuliacha kupima pale kero yetu wenyewe ilipokoma. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, twaona kwamba kufika kutangulie na kasi ifuate. Kati ya sekunde tano na sekunde 80 kuna usumbufu. Kati ya ujumbe wa Jumatatu na ujumbe wa Jumanne kulikuwa na kaburi.

Wapo watakaosema kwamba kampuni si chama cha hisani. Mnara hula umeme au dizeli, huhitaji njia, ulinzi na mafundi, na kitongoji cha kaya chache hakirudishi gharama. Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini taifa liliiona hoja hiyo zamani. Kwa sheria ya mwaka 2006 uliundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili kutoa ruzuku pale biashara peke yake isipofika. Mei 2023 mikataba ilitiwa saini Dodoma ya kujenga minara 758 katika kata za vijijini. Kwa hiyo mlango upo. Lakini mwenye mlango hawezi kuwajua wasiobisha hodi, na mwenye kubisha hodi huulizwa: ni wapi hasa, na hali ikoje?

Basi tukafanya lililo katika uwezo wetu. Tulivuka mlima, wastaafu watatu wenye magoti mabovu, pamoja na mjukuu na simu za mitandao mbalimbali. Tulisimama penye kisima, penye shule, penye zahanati na penye mwembe. Kila mahali tukaandika tarehe, saa na jibu. Penye kisima: hakuna. Penye shule: hakuna. Penye zahanati: hakuna. Penye mwembe: sauti tu, tena kwa kukatika. Yule mama ndiye aliyetuongoza, na mistari mingine aliiandika kwa mkono wake. Nakala moja tumeipeleka ofisi ya kijiji, nyingine kwa diwani. Mnara haujaja. Hatutaki kuwadanganya kwamba umekuja.

Mnara wa kengele wa kanisa letu ulijengwa juu ya kilima, ingawa chini ya kilima ndipo penye nyumba nyingi. Wazee walitwambia sababu ilikuwa moja: asikie na yule wa mbali. Hakuna aliyejenga mnara ule akiwawazia wanaokaa mlangoni pa kanisa.

Twawaomba jambo dogo. Mnapopima mtandao, au mnapoulalamikia tu, ulizeni pia ni nani jirani asiyekuwamo katika hesabu. Mwandikieni mstari wake. Kama jibu ni sifuri, andikeni sifuri, na muiandike waziwazi. Daftari letu liko barazani. Kurasa bado zipo, na kalamu ipo.