Msafiri na Haki ya Nchi Aipitayo



Wazee wetu wamesema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya twayatumia kila siku kumkaribisha mgeni, lakini ni wachache wanaoyapima kwa upande wa pili, wakajiuliza: je, kila mgeni huponya? Au wako wageni ambao wakiondoka, mwenyeji huachiwa maradhi?

Siku hizi sisi watu wa mwambao twasafiri sana. Vijana wetu wapata kazi bara, mabinti zetu waolewa huko, na wengine hutoka kwenda kutazama tu. Wala kutazama si jambo baya. Qur'ani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tupate kuzingatia. Basi lililo juu yetu si kuacha safari, bali kujua twasafiri vipi na twaacha nini nyuma yetu.

Tutwae mfano wa mtu atokaye Tanga kwenda Matwebe, upande wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Ile ni nchi ya migomba na chai, ya mvua nyingi na baridi. Juu yake umesimama Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Katika wilaya hiyo Mto Kiwira hupita chini ya mwamba ambao watu huuita Daraja la Mungu. Na katika misitu ya mlima ule, mwaka 2003, wataalamu walimkuta kima ambaye vitabu vya elimu vilikuwa havijamtaja, ijapokuwa Wanyakyusa walikuwa na jina lake: kipunji. Hapatikani ulimwenguni ila katika milima michache ya kusini ya Tanzania.

Sasa msafiri huyu amekunywa soda ndani ya basi, na alipofika karibu na Kiwira akaitupa chupa ya plastiki dirishani. Ukimuuliza atasema: "Chupa moja ni kitu gani?" Haya, na tuifuate chupa yake. Kiwira huingia Ziwa Nyasa. Maji ya Nyasa hutoka kwa Mto Shire, Shire huingia Zambezi, na Zambezi humwaga katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii tuivuayo sisi. Huenda chupa isifike huko; itakwama katika shamba la mtu au katika wavu wa mvuvi wa Kyela. Lakini popote itakapokwama pana mtu mwenye haki yake, na mtu huyo msafiri hamjui wala hakumtaka radhi. Mtume (S.A.W.) amekataza watu kujisaidia njiani na penye kivuli cha watu, na akakuhesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani. Ikiwa kuuondoa ni imani, kuutia ni nini?

Kisha uko uharibifu usioonekana, nao ni moshi wa vyombo tupandavyo. Hewa ya ukaa inayotoka humo huzidisha joto la dunia na kuvuruga mvua, na wa kwanza kuumia ni mkulima ambaye hata ndege hajapata kuipanda. Hapa wengi hujibu: "Matajiri wa Ulaya na Ghuba ndio wachafuzi, sisi maskini tuna sehemu gani?" Hoja hii ina ukweli, wala hatuikatai. Mwenye ndege yake ataulizwa juu ya ndege yake. Lakini deni la tajiri, hata likiwa kubwa namna gani, halilipi deni la maskini.

Wanazuoni wamezipanga shughuli za mwanadamu daraja tatu: dharura, haja, na pambo. Tukisafiri kwa mizani hii hatupotei. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali na apande chochote kitakachomfikisha upesi. Mwenye kwenda kuhiji hii leo hakalifishwi kungoja jahazi. Kumzuru mzazi ni haja. Na aende, lakini akiwa na khiari achague njia yenye madhara machache. Basi lililojaa, au treni, hugawa mafuta yake kwa watu wengi. Gari la mtu mmoja huyachoma kwa mmoja. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976, imepitishwa Mbeya. Na kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni safari ya basi tu. Ama safari ya pambo, ya kwenda ili tuonekane tumekwenda, hiyo ndiyo ya kupunguzwa kwanza.

Na ukishafika, kuwa mgeni wa kuponya. Jifunze kusema "ndaga". Kula ndizi za hapo na mchele wa Kyela, ili fedha yako ibaki kwa aliyelima. Mchukue kijana wa kijiji akuonyeshe njia, umlipe ujira wake kabla jasho halijakauka. Tembea kwa miguu panapotembeka. Usirudi na magunia ya mkaa, maana mkaa ule ni msitu wa kipunji. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, nasi twakijua kikapu cha ukindu tangu kwa bibi zetu. Lakini sheria imeukamata mfuko. Chupa ameachiwa kila mtu na nafsi yake.

Zingatia jambo moja zaidi. Mwenyeji ana haya. Ataokota taka zako baada ya kuondoka, asikuambie neno, maana kumkemea mgeni kwake ni aibu. Usiufanye ukimya wake kuwa ni ridhaa. Kwa kuwa yeye hatakuhukumu, yakupasa ujihukumu mwenyewe: kabla hujafunga mzigo wako, geuka utazame ulipokaa. Ukiona pako kama ulivyopakuta, au bora kuliko hivyo, nenda kwa amani.

Wabillahi tawfiq.